Dari Yenye Moto: Kutafuta Nyaya za Joto Kabla ya Kufunga Taa

Katika nyumba nyingi za Marekani na Kanada zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na mwishoni mwa miaka ya 1970, kinachopasha chumba joto wakati wa baridi hakionekani kwa macho, kwa kuwa si jiko, si bomba la maji moto, wala si tundu la kupitishia hewa ya moto, bali ni dari yenyewe. Ndani ya dari hizo, nyuma ya rangi na tabaka jembamba la plasta, umelazwa waya mrefu unaokwenda na kurudi kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, na umeme unapopita ndani yake waya huo hupata moto, ukaipasha plasta, nayo plasta ikatoa joto kuelekea chini kwa watu na vyombo vilivyomo chumbani. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuutafuta waya huo kabla ya kutoboa dari kwa ajili ya kufunga taa mpya, kazi ambayo kwa nje inaonekana ndogo, lakini inaweza kumgharimu mwenye nyumba joto la chumba kizima na kuhatarisha maisha ya fundi. Hoja itakayojengwa ni moja: katika dari ya namna hii fundi hatafuti waya tu, bali anatafuta uthibitisho kwamba mahali anapokusudia kutoboa hapana waya, na mambo hayo mawili, ingawa yanakaribiana, si jambo moja, kwa sababu kifaa kinaweza kukaa kimya juu ya waya wenye umeme.

Chanzo cha dari hizi ni umeme wa bei nafuu. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, shirika la serikali la kuzalisha umeme, iliundwa mwaka 1933, bwawa la Bonneville katika mto Columbia likaanza kuzalisha umeme mwaka 1938, na bwawa la Grand Coulee katika mto huohuo likafuata mwaka 1941, kiasi kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia kaskazini-magharibi ya Marekani na majimbo yanayozunguka Tennessee yalikuwa na umeme mwingi uliohitaji wanunuzi. Mwaka 1956 ilianzishwa kampeni kubwa, iliyoungwa mkono na kampuni za General Electric na Westinghouse, ya kuwashawishi wananchi waendeshe kila kitu cha nyumbani kwa umeme, na mwaka uliofuata nyumba zilizotimiza masharti hayo zikaanza kupewa nishani ya kubandikwa karibu na mlango. Ronald Reagan, ambaye wakati huo alikuwa mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha General Electric na hakuwa bado ameingia katika siasa, alijengewa na kampuni hiyo nyumba ya umeme mtupu huko Pacific Palisades, California. Kwa wajenzi wa zama hizo dari ya joto ilikuwa na mvuto wa pekee: haikuhitaji tanuri wala mabomba, haikula nafasi ya samani, haikupiga kelele, na kila chumba kilipewa themostati yake, yaani swichi inayopima joto la chumba na kuwasha au kuzima umeme wa dari kulingana na kiwango kilichowekwa.

Nyumba hizohizo zilikuwa na tabia nyingine inayoeleza kwa nini tatizo linajitokeza leo. Katika kumbi na vyumba vingi vya kulala vya wakati huo hapakufungwa taa ya dari hata moja, kwa sababu kanuni ziliruhusu swichi ya ukutani iwashe soketi, na mwenye nyumba akachomeka hapo taa ya kusimama sakafuni. Wakazi wa sasa hawaridhiki na mwanga wa pembeni. Wanataka taa za kuzama, yaani zile zinazoingizwa katika tundu la dari hadi uso wake ukawa sawa na dari yenyewe. Kwa hiyo chumba kinachohitaji zaidi matundu mapya ndicho ambacho dari yake imefunikwa na waya karibu yote, bila hata kisanduku kimoja cha taa kilichoachwa na wajenzi wa kwanza.

Ili kuelewa mahali waya unapokaa, ni vyema kuelewa kwanza kazi yake. Joto husafiri kwa njia tatu: kwa kupitishwa ndani ya kitu kigumu, kwa kubebwa na hewa au maji yanayosogea, na kwa mionzi, ambayo huondoka kwenye kitu chenye moto na kukifikia kitu kingine bila kuhitaji kuipasha kwanza hewa iliyo katikati. Hewa ya moto hupanda juu, na mtu anaweza kudhani kwamba kuweka kipasha-joto darini ni kupoteza umeme. Lakini dari hii hufanya kazi kwa mionzi, na mionzi haijali juu wala chini, kama vile jua la asubuhi katika nyanda za juu za Njombe nchini Tanzania linavyompasha mtu anayeliota ilhali hewa inayomzunguka ingali baridi. Dari haihitaji kuwa ya moto mkali, wala haistahimili kuwa hivyo, kwa kuwa jasi, yaani madini meupe yanayotengenezewa plasta na mbao za dari ambazo mafundi wengi huziita jipsamu, huanza kupoteza maji yaliyomo katika umbile lake na kudhoofika ikikaa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 52 za Selsiasi.

Mpangilio wa waya haukuachiwa kila fundi apendavyo. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1897, inashughulikia vipasha-joto vya kudumu katika kifungu cha 424, na masharti yake ni ramani ya kwanza ya mtu anayetafuta waya. Waya usiozidi wati 9 kwa kila mita hulazwa kwa mistari ambayo nafasi kutoka katikati ya mstari mmoja hadi katikati ya mwingine haipungui milimita 38; hubanwa kwenye ubao wa jasi kwa pini au njia nyingine iliyoidhinishwa, kila baada ya milimita 400 au pungufu; kisha hufunikwa kwa plasta isiyonywea, na juu yake, pale ambapo dari haikupigwa plasta nene, hupigiliwa ubao wa pili wa jasi wenye unene usiozidi milimita 13. Katika dari za mbao mbili za jasi, waya hufuata urefu wa boriti, yaani mihimili ya mbao inayobeba dari, na chini ya kila boriti huachwa ukanda mtupu wenye upana wa milimita 65 ili misumari ya ubao wa pili ipate pa kupita bila kuuchoma waya. Waya huvuka boriti kwenye ncha za chumba tu. Haupitishwi juu ya kuta zinazofika darini, hauingii katika chumba kingine, na kwa kawaida hauwekwi juu ya makabati ya nguo.

Masharti mengine mawili yanahusu taa moja kwa moja. Waya wa joto unatakiwa kukaa mbali na ukingo wa kisanduku cha taa ya kuning'inia au ya kubandikwa kwa milimita 200 au zaidi, na mbali na taa ya kuzama pamoja na fremu yake kwa milimita 50 au zaidi, kwa sababu taa hutoa joto lake yenyewe na waya hutoa lake, na mawili hayo yakikutana plasta hukauka kupita kiasi na ngozi ya nyaya huungua. Hata hivyo, umbali huu ni wa kanuni, si wa dari fulani iliyo juu ya kichwa cha fundi fulani. Nyumba ya zamani huenda ilijengwa kwa toleo jingine la kanuni, au kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka, kwa hiyo ramani ya maandishi husaidia kukisia lakini haitoshi kuruhusu keekee iingie darini.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kubahatisha hakufai. Chumba chenye eneo la mita 12 za mraba kinachopewa kipasha-joto cha wati 1,800 huhitaji, kwa wati 9 kwa mita, waya wenye urefu wa mita 200, na ukigawanya eneo la chumba kwa urefu huo unapata nafasi ya wastani wa sentimita 6 kati ya mstari na mstari. Tundu la taa ya kuzama yenye kipenyo cha sentimita 15 litakata mistari miwili au mitatu popote litakapowekwa katikati ya boriti mbili. Na kwa kuwa mistari yote ni waya mmoja, umeme ukiingia upande huu na kutokea upande ule bila tawi lolote njiani, kuukata mahali pamoja kunazima dari ya chumba kizima.

Wapo wanaodhani kwamba waya uliokatwa unaweza kuungwa kwa kuusokota na kuufunga utepe, au kwamba kipande kinachosumbua kinaweza kuondolewa na ncha zilizobaki zikaunganishwa ili kupisha taa. Dhana hiyo ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Waya wa joto huchaguliwa kwa ukinzani wake, yaani kiwango cha kuzuia umeme usipite kwa wingi, na ukinzani huo hupimwa kwa omu. Waya wa mita 200 unaotoa wati 1,800 kwa volti 240 una ukinzani wa omu 32. Ukifupishwa hadi mita 150, ukinzani hushuka hadi omu 24, umeme unaopita huongezeka, na jumla ya joto hupanda hadi wati 2,400, ambazo sasa zinatolewa na waya mfupi zaidi, yaani wati 16 kwa kila mita badala ya 9. Aliyetarajia kupunguza joto kwa kupunguza waya anakuwa ameliongeza mahali pasipoweza kulistahimili. Ndiyo maana kanuni inaagiza kwamba waya uliokwisha kulazwa usiungwe ila pale inapolazimu na kwa viungio vilivyoidhinishwa, na kwamba urefu wake usibadilishwe kwa hali yoyote.

Hatari kwa fundi mwenyewe inahitaji maelezo ya pekee, hasa kwa mafundi wanaozungumza Kiswahili waliojifunza kazi Afrika Mashariki kisha wakahamia Amerika Kaskazini. Nchini Kenya na Tanzania, umeme wa nyumbani wa volti 230 hadi 240 huletwa kwa waya mmoja wenye moto, yaani wenye umeme, na mwingine wa nyutro, hivyo swichi inayokata waya wenye moto huacha kifaa kikiwa hakina umeme. Nchini Marekani volti 240 hupatikana kwa namna tofauti: nyaya zote mbili zina moto, kila mmoja ukiwa na volti 120 kwa kulinganishwa na ardhi, na kifaa hupokea jumla ya zote mbili. Themostati nyingi za zamani hukata waya mmoja tu kati ya hizo mbili. Chumba kikifikia joto lililowekwa, au mtu akiizungusha themostati hadi mwisho, dari hupoa na kuonekana imezimwa, ilhali waya wote wa mita 200 bado una volti 120 zinazosubiri ncha ya chuma na mtu aliyesimama juu ya ngazi. Kuzima kwa kweli hufanywa kwenye bodi ya umeme, kwa breka pacha inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja, kisha huthibitishwa kwa kipimo ambacho kimejaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana, kikatumika kwenye saketi husika, na kujaribiwa tena mahali palepale pa kwanza ili kuhakikisha kwamba hakikuharibika katikati ya kazi.

Kabla ya kuleta vifaa, nyumba yenyewe hutoa dalili. Chumba chenye themostati ukutani, lakini kisicho na redieta wala matundu ya hewa sakafuni, kinapaswa kushukiwa mara moja. Bodi ya umeme yenye breka pacha nyingi kuliko zinazohitajika na jiko, tangi la maji moto na mashine ya kukaushia nguo huongeza shaka hiyo, na kufungua themostati baada ya kuzima umeme huweza kuithibitisha, kwani nyaya za kuunganishia vipasha-joto hivi hutambulishwa kwa rangi: njano kwa volti 120, buluu kwa 208 na nyekundu kwa 240. Hapohapo fundi hupima ukinzani kwa multimita na kuandika namba anayoipata, kwa kuwa namba hiyo ndiyo itakayolinganishwa na ile ya baada ya kazi ili kujua kama waya umebaki salama.

Kifaa kinachofaa zaidi kuuona waya ni kamera ya joto. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel, akifanya majaribio nchini Uingereza, aliweka kipimajoto nje kidogo ya wekundu wa mwanga wa jua uliogawanywa na kioo cha pembetatu, akakuta kwamba mahali pale palipoonekana hapana mwanga ndipo penye joto zaidi. Mionzi hiyo, iitwayo infraredi, ndiyo inayopokelewa na kamera ya joto na kugeuzwa kuwa picha ambayo sehemu za moto na za baridi huonekana kwa rangi tofauti. Rangi ya kawaida ya dari hutoa mionzi hii vizuri, hivyo picha yake huaminika, tofauti na chuma kinachong'aa, ambacho huakisi joto la vitu vingine na kuipotosha kamera.

Siri ya kamera hiyo iko katika wakati. Dari ikiwa imewashwa tangu asubuhi, joto huwa limesambaa katika plasta yote na picha huonyesha uwanja mmoja usio na mistari. Dari ikiwa imewashwa sasa hivi, joto bado halijatoka kwenye waya na picha huwa tupu vilevile. Kwa hiyo chumba huachwa kipoe, ikiwezekana usiku kucha, kisha themostati hupandishwa hadi juu, na kamera huelekezwa darini mfululizo kuanzia dakika za mwanzo. Mistari huanza kujitokeza ikiwa myembamba na mikali, ikionyesha wazi mahali waya unapogeuka karibu na ukuta na mahali ukanda wa boriti ulipoachwa mtupu, kisha taratibu hunenepa na kuungana. Katika kipindi hicho kifupi msaidizi hubandika vipande vya utepe wa karatasi juu ya kila mstari katika eneo linalokusudiwa, na picha hupigwa pamoja na kipimo cha umbali kutoka kuta mbili. Wakikosa nafasi hiyo, itabidi umeme uzimwe na chumba kisubiriwe kipoe tena.

Ubora wa kamera nao una mipaka inayoweza kuhesabiwa. Kamera yenye nukta 160 kwa upana, ikitazama sehemu ya dari yenye upana wa mita 1.6, huipa kila nukta sentimita moja, jambo linalotosha kutenganisha mistari iliyoachana kwa sentimita 4 au 6. Ikirudishwa nyuma hadi ikaona mita 5, kila nukta hubeba zaidi ya sentimita 3 na mistari hupotea. Kipimajoto cha infraredi cha bei nafuu, kile cha umbo la bastola, hushindwa kwa sababu hiyohiyo: kikiwa na uwiano wa 12 kwa 1, kwa umbali wa sentimita 60 husoma wastani wa duara la sentimita 5, nalo duara hilo hugusa waya karibu popote litakapoelekezwa. Vitafuta-boriti vyenye kengele ya umeme hulia juu ya dari nzima mara umeme unapowashwa, kwa kuwa uga wa umeme wa mistari iliyokaribiana huingiliana. Vitambua-chuma navyo havibagui waya, msumari wala wavu wa chuma ulioshikilia plasta ya zamani. Njia ya kulowesha dari iliyowashwa na kutazama mistari inayokauka kwanza hufanya kazi katika baadhi ya dari, lakini kuchanganya maji na umeme ambao haujulikani hali ya ngozi ya nyaya zake ni jambo lisilostahili kupendekezwa.

Hata kamera iliyotumika ipasavyo haisemi kila kitu, na hapa ndipo hoja ya mazungumzo haya inapopata uzito wake. Kila waya wa joto hutoka kiwandani ukiwa umeungwa kwenye ncha zake nyaya za kawaida, zenye urefu usiopungua mita 2.1, ambazo hupeleka umeme bila kutoa joto. Kwa kuwa kanuni hairuhusu kuzifupisha, ziada ya nyaya hizo ililazwa ndani ya plasta, mara nyingi katika upande wa ukuta wenye themostati, na kamera haiwezi kuiona kwa sababu haina joto la kuonyesha. Vivyo hivyo, dari iliyokufa kwa sababu waya ulikwisha kukatika zamani haitaonyesha mstari wowote, ingawa kila kipande kilichobaki kimeungwa kwenye waya wenye moto kinaweza kumpiga mtu umeme. Kwa hali hizi hutumika kifaa cha aina nyingine, chenye sehemu mbili: moja hupeleka ishara ya sauti katika waya uliokwisha kuzimwa na kutenganishwa na bodi, na nyingine hupitishwa chini ya dari kuifuatilia ishara hiyo hadi pale inapokoma, ambapo huenda ndipo waya ulipokatika. Picha isiyo na mistari haiwezi, peke yake, kuchukuliwa kuwa kibali cha kutoboa.

Lipo pia jambo la vumbi. Dari za miaka hiyo mara nyingi zilinyunyiziwa mchanganyiko wenye uso wa punjepunje, na sehemu ya michanganyiko hiyo ilikuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo yakivutwa puani kwa miaka huleta magonjwa ya mapafu na saratani. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku mwaka 1977 bidhaa za kuzibia nyufa za kuta zenye asbesto, na mwaka 1978 ikapiga marufuku kunyunyizia asbesto kwa ajili ya urembo, lakini dari zilizokuwapo tayari ziliachwa kama zilivyo. Kwa sababu hiyo kipande kidogo cha dari hupelekwa maabara kabla ya kukwaruza au kutoboa popote, na hapo huonekana mojawapo ya manufaa ya kamera, kwamba inatafuta bila kugusa.

Ramani ikishakamilika, swali linalofuata ni kama nafasi tupu iliyopatikana inatosha. Ukanda wa boriti wenye milimita 65 unaweza kupokea skrubu ya kushikilia ndoano ya taa inayoning'inia kwa mnyororo na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani, lakini hauwezi kupokea kisanduku kipya cha taa kinachotaka milimita 200 kila upande. Mahali pa uhakika zaidi ni pale ambapo wajenzi wa kwanza walikwisha kuweka kisanduku, kwa kuwa hapo waya ulizungushwa kwa makusudi, na reli ya taa kadhaa inaweza kuanzia hapo ikafuata boriti. Nafasi juu ya makabati na kandokando ya kuta huenda nayo ikafaa, ikithibitishwa. Nyaya mpya za kupelekea taa umeme, zikipita juu ya dari hiyo, zinatakiwa kuinuliwa milimita 50 au zaidi kutoka kwenye dari na kuhesabiwa kana kwamba ziko mahali penye joto la nyuzi 50, hivyo huenda zikahitaji kuwa nene kuliko kawaida. Taa za ukutani, ambazo hazigusi dari kabisa, ndizo zinazomaliza mjadala kwa gharama ndogo, kwa kuwa nyaya za joto kwa kawaida haziruhusiwi kuwekwa ukutani.

Mwenye nyumba anayetaka taa sita za kuzama katikati ya ukumbi, na asiyekubali chochote kingine, anapaswa kuambiwa ukweli kwamba hawezi kuwa nazo pamoja na dari ya joto. Uamuzi wake unakuwa wa kiuchumi. Waya wa joto hutoa uniti moja ya joto kwa kila uniti ya umeme, wala hauwezi kuzidisha hapo, ilhali pampu ya joto, ambayo ni mashine inayohamisha joto kutoka hewa ya nje kulileta ndani, hutoa uniti mbili, tatu au zaidi kwa umeme uleule, kutegemea ukali wa baridi. Kwa bei za umeme za leo wengi huona heri kuistaafisha dari, na kuistaafisha maana yake ni kutenganisha nyaya zake kwenye breka na kwenye themostati pia, kuzifunga ncha zake, na kuandika kwenye bodi kwamba saketi hiyo imeachwa, ili asije mtu siku moja akairudishia umeme dari iliyojaa matundu.

Familia nyingi zenye asili ya Kongo na Burundi zilizohamia Marekani na Kanada huishi katika nyumba za kupanga, na baadhi ya nyumba za kupanga ni za zama hizo. Mpangaji hapaswi kutoboa dari ya aina hii hata kwa ndoano ya pazia, na akiona themostati ukutani pasipo kipasha-joto chochote ni vyema amuulize mwenye nyumba kabla ya kumwita jamaa mwenye keekee. Kazi ya saketi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni.

Tatizo lote lililoelezwa hapa limetokana na upungufu mmoja: waliolaza waya walijua ulipo, wakaufunika, wakaondoka bila kuacha mchoro. Kazi ya kutafuta, iwe imeishia kwenye taa mpya au kwenye uamuzi wa kuiacha dari kama ilivyo, haikamiliki mpaka picha za kamera, vipimo kutoka kuta mbili na namba ya omu iliyopimwa viwe vimechapishwa na kubandikwa ndani ya mlango wa bodi ya umeme, mahali ambapo fundi atakayefuata lazima apafungue kabla ya kugusa kitu kingine chochote.